Jaji Wright: Mwalimu wa Watu Wazima Aliyefika Mahakama ya Juu

Wengi wetu tulishika kalamu tukiwa watu wazima. Tunakumbuka jinsi jembe lilivyokuwa jepesi mkononi na kalamu ikawa nzito. Basi leo tunawaletea habari za mtu aliyewafundisha watu wazima kusoma, kisha akawa jaji. Jina lake ni Jonathan Jasper Wright, Mmarekani mweusi.

Mahakama ya jimbo ni nini?

Marekani ni nchi ya majimbo mengi. Kila jimbo lina katiba yake, bunge lake na mahakama zake. Kesi huanza chini, na asiyeridhika na hukumu hukata rufani. Mwisho wa safari ni mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Majaji wa huko hawasikilizi mashahidi upya. Wao hutazama kama sheria ilifuatwa, halafu huandika hukumu na sababu zake. Kwa mambo ya sheria za jimbo, hakuna mahakama nyingine juu yao.

Alivyoanza

Wright alizaliwa mwaka 1840 huko Pennsylvania, upande wa kaskazini. Alisoma, akawa mwalimu wa shule, na huku akijifunza sheria katika ofisi ya mawakili. Alipoomba kufanya mtihani wa uwakili, wahusika walikataa hata kumtahini. Sababu? Rangi yake tu.

Mwaka 1865 vita vya Marekani wenyewe kwa wenyewe vilikwisha, na utumwa ukakomeshwa. Wright alipelekwa na chama cha wamisionari mjini Beaufort, katika jimbo la South Carolina, kwenda kufundisha. Tuelewe vizuri jambo hili. Katika jimbo hilo, sheria ya mwaka 1834 ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Mabwana walijua wanachokiogopa: mtu anayesoma hadanganywi kirahisi. Sasa watu wazima waliokuwa watumwa, na askari weusi pia, walikaa mbele ya Wright wakajifunza herufi na sheria za nchi.

Mwaka 1866 alirudi kwao, akatahiniwa, akafaulu. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa wakili Pennsylvania. Lakini hakukaa. Alirudi South Carolina kuwasaidia waliotoka utumwani katika mambo ya sheria.

Kiti cha jaji

Mwaka 1868 jimbo liliandika katiba mpya, na Wright alikuwa mmoja wa wajumbe. Wanaume wote, weusi kwa weupe, walipata haki ya kupiga kura. Shule za serikali zilitakiwa kuwa wazi kwa watoto wote. Wright akachaguliwa kuwa seneta wa jimbo.

Februari 1870 bunge la jimbo lilimchagua kuwa jaji wa mahakama ya juu. Alikuwa na miaka 30 hivi. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kushika kiti kama hicho katika jimbo lolote la Marekani. Walikuwa majaji watatu tu. Kwa muda wa miaka saba Wright aliandika hukumu zaidi ya 80, nyingi zikiwa za mashamba, madeni, mirathi na makosa ya jinai. Hayo ndiyo mambo yanayomgusa mwananchi nyumbani kwake.

Upepo ulivyogeuka

Katika uchaguzi wa mwaka 1876 watu wawili, Wade Hampton na Daniel Chamberlain, kila mmoja alidai kuwa ndiye gavana. Jimbo likawa na serikali mbili! Mwaka 1877 shauri la mfungwa aliyesamehewa na Hampton lilifika mahakamani. Kumwachia mfungwa huyo ilikuwa sawa na kusema kwamba Hampton ndiye gavana. Wright alitia sahihi afunguliwe, halafu baada ya siku chache akaiondoa sahihi yake. Hampton na wenzake hawakumsamehe.

Aprili mwaka huo majeshi ya serikali kuu yaliondolewa, na wakubwa wa zamani wakashika madaraka. Bunge jipya lilimshitaki Wright, eti mlevi. Yeye alikana. Lakini alijizulu mwaka huohuo kabla ya kuhukumiwa.

Je, alikata tamaa? La. Alifanya uwakili mjini Charleston na kuwafundisha vijana weusi sheria. Alikufa kwa kifua kikuu Februari 1885, akiwa na miaka 45. Ilipita zaidi ya miaka mia moja ndipo mtu mweusi mwingine, Ernest Finney, akawa jaji wa mahakama hiyo, mwaka 1985. Mwaka 1994 Finney akawa jaji mkuu wake.

Tunajifunza nini?

Katiba ya mwaka 1868 ilikuwa nzuri, lakini karatasi haijilindi yenyewe. Haki hulindwa na watu wanaoijua. Kiti cha Wright kilichukuliwa. Hukumu alizoandika zingali vitabuni, na elimu aliyowapa wanafunzi wake hakuna aliyeweza kuwanyang'anya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mabwana walikataza watumwa kusoma?
2. Jaji akiogopa wenye madaraka, nani anaumia?
3. Ni sheria gani inayohusu shamba lako ambayo umeisoma mwenyewe?