Hela ya Msimu, Deni la Kila Siku

Katika tarafa ya Lupembe, mkoani Njombe, hela haina tarehe. Inafuata mvua. Chai huchipua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili. Juni ikiingia na baridi yake, mchumaji anarudi na kikapu chepesi, na malipo yake yanapungua vivyo hivyo. Mwenye parachichi anamsubiri mnunuzi. Mwenye nanasi kule Madeke anasubiri gari lipite. Aliyepanda misindano anaweza kusubiri zaidi ya miaka kumi kabla ya kusikia mlio wa msumeno shambani kwake.

Madeni hayana subira hiyo. Mwenye duka anataka chake mwisho wa wiki, mwenye pikipiki anataka hesabu kila jioni, na mkopo wa simu unajikata wenyewe mara tu hela inapoingia. Vijana wengi wa Lupembe na Makambako wanaozama kwenye madeni madogo madogo si wavivu wala wabadhirifu. Kipato chao kinakwenda kwa mwendo mmoja na madeni yao yanakwenda kwa mwendo mwingine. Ndiyo maana ushauri uliozoeleka wa "punguza matumizi" hauwafikishi mbali.

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda wa miaka 24, anayepakia abiria kati ya Kibena na Lupembe. Ukimuuliza anadaiwa kiasi gani, atakujibu, "Kidogo tu." Akikaa na daftari na kuandika kila kitu, mambo yanabadilika. Dukani anadaiwa 18,000 za sabuni, sukari na vocha. Kwa mama ntilie ni 7,500. Fundi aliyemfungia cheni na tairi anamdai 25,000. Simu inamdai 15,000 za mkopo na 1,000 ya muda wa maongezi. Kwenye kikundi chao cha VICOBA bado ana 60,000. Halafu kuna 100,000 alizochukua kwa mkopeshaji wa mtaani siku mama yake alipolazwa. Jumla ni 226,500. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomtisha siku alipoichukua.

Kuandika ndiyo hatua ya kwanza, nayo ni ngumu kuliko inavyosikika. Deni lililomo kichwani hupungua kila ukilikumbuka. Lililo kwenye karatasi linabaki na ukubwa wake. Na karatasi inaonyesha jambo ambalo kichwa hakilioni: madeni hayo saba hayalingani kwa bei. Elfu kumi na nane za dukani hazizai. Mwezi ujao zitakuwa 18,000 zile zile. Laki moja ya mkopeshaji wa mtaani inazaa kila mwezi, tena kwa kasi.

Wakopeshaji hao Watanzania wamewapa jina linaloeleweka na kila mtu: kausha damu. Tuseme masharti ni laki moja kurudishwa kwa laki na thelathini baada ya mwezi. Mwezi unafika, dereva wetu ana elfu thelathini tu mkononi, na mkopeshaji anakubali apokee riba, mtaji ubaki. Mwezi wa pili hivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Kufikia hapo ameshatoa 120,000, na bado anadaiwa laki moja kamili. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho, laki moja ikikaa miezi minne ingezaa riba ya 14,000.

Tofauti ya 120,000 na 14,000 inatosha kununua mbolea.

Sheria inayowagusa wakopeshaji hawa ipo. Ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyozigawa huduma hizo katika madaraja manne: la kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, la tatu ni SACCOS na la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mkopeshaji wa daraja la pili, awe kampuni au mtu mmoja mwenye meza yake sokoni Makambako, lazima awe na leseni. Kuomba kuiona leseni hiyo si utovu wa adabu. Ni haki ya anayekopa, na mkopeshaji anayekasirika akiulizwa ameshatoa jibu.

Kwenye simu hali ilikuwa mbaya zaidi. Programu za mikopo zilizagaa, kijana anajaza jina na namba ya kitambulisho, anaruhusu programu isome orodha ya watu wake, na dakika chache baadaye hela imeingia. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa shangazi, kwa mchungaji, kwa bosi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na kutaka zifungwe. Kabla ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeshampa mwananchi pa kusimamia pale taarifa zake zinapotumika ovyo. Kwa hiyo kijana anayetukanwa mbele za watu kwa sababu ya elfu ishirini asinyamaze kwa aibu. Ahifadhi ujumbe huo, na apeleke malalamiko.

Mikopo ya mitandao ya simu yenyewe ni jambo jingine. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na M-Pawa, iliyounganisha akiba na mkopo kwenye simu, ikafuata mwaka 2014. Leo mtu anaweza kukopa muda wa maongezi kwa Nipige Tafu, au kumalizia muamala kwa Songesha pale salio lisipotosha. Huduma hizi ni halali na zimewasaidia wengi usiku wa manane. Tatizo ni namna zinavyolipwa. Dada aliyeko Dar es Salaam anatuma 50,000 za dawa ya mama, na kabla hata kijana hajafungua ujumbe, mtandao umeshakata chake. Zinabaki 34,000. Hela iliyokuwa ya mama imelipa deni la mwana, na duka la dawa bado linasubiri. Mwenye tabia ya kukopa kwenye laini yake na awe na laini nyingine, isiyo na mkopo wowote, kwa ajili ya hela za watu.

Sasa turudi kwenye daftari. Nani alipwe kwanza? Wengi huanza na anayepiga kelele zaidi, au anayeonekana kila siku. Hesabu inasema vingine: kila shilingi inayopatikana ielekezwe kwanza kwa deni linalozaa haraka, yaani kausha damu, na hasa kwenye mtaji wake badala ya riba peke yake. Ikiwezekana, 60,000 za VICOBA zilipwe kwa wakati, kisha uombwe mkopo mpya hapo hapo kikundini wa kumfuta kausha damu mara moja, kwa sababu riba ya kikundi ni ndogo na hurudi kwa wanachama wenyewe. Wengine wote, mwenye duka, mama ntilie na fundi, waendewe ana kwa ana.

Hapo ndipo vijana wengi hushindwa, na inaumiza kuona. Kijana anayedaiwa 18,000 huanza kupita njia ya nyuma ili asionekane dukani. Mwezi unaisha, salamu zimekatika, na siku akihitaji kweli unga wa mkopo mlango umefungwa. Kumbe mwenye duka angemsikiliza tangu wiki ya kwanza, kama angemwambia: "Kaka, hela ya chai imechelewa. Nitakuwa nakuletea elfu mbili kila Jumamosi mpaka iishe." Elfu mbili inayofika Jumamosi kweli ina thamani kuliko ahadi ya elfu kumi na nane isiyofika. Mwenye duka naye ana deni kwa msambazaji wake wa Makambako. Kinachomsaidia ni kujua hela inakuja lini.

Makambako yenyewe ni sehemu ya habari hii. Barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya Songea zinakutana pale, reli ya TAZARA inapita pale, na malori ya mbao yanalala pale. Kijana aliyetoka Lupembe na hela ya msimu mfukoni anafika mjini akiwa na njaa ya miezi mitatu. Simu mpya, viatu, kitimoto na rafiki zake, mkeka wa mechi za Jumamosi. Kijijini kuna ulanzi unaogemwa wakati wa mvua, wakati ule ule hela ya chai inapokuwa nyingi. Hakuna ubaya kijana kufurahia jasho lake. Ila furaha nayo iandikwe kiasi chake kabla ya kupanda gari la Makambako, na iwe baada ya deni linalozaa kulipwa.

Lakini kuna tundu linalopitisha hela nyingi kuliko ulanzi, nalo huzungumzwa kidogo kwa sababu lina heshima: michango. Harusi, sendofu, kipaimara, komunio. Kadi inaletwa mkononi, jina limeandikwa vizuri, na kiwango cha chini kimetajwa. Kijana anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, anaahidi 50,000 kwa sababu mwenzake wa kijiweni ameahidi 50,000, na kuanzia hapo jina lake linasomwa kwenye orodha kila jioni. Ahadi hiyo ni deni kamili, ingawa haikuingia daftarini. Wapo wanaokwenda kwa kausha damu ili wamalize ahadi ya harusi ya mtu mwingine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walimlenga anayeoa, ila leo msemo huo unamfaa hata mgeni mwalikwa. Kijana mwenye kipato cha msimu ana haki ya kusema mapema, kwa adabu, kwamba mchango wake ni elfu kumi na nguvu zake: atabeba viti, atasomba maji, atapeleka wageni kwa pikipiki. Vijijini Lupembe nguvu hiyo bado inathaminiwa.

Hata mwenye mshahara hajaokoka. Mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya kata, kama alisomea chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kulipa Bodi ya Mikopo. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Utaratibu pia unataka makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kinga hiyo ni nzuri, lakini inahesabu makato yanayoonekana kwenye karatasi ya mshahara tu. Kausha damu anayeshikilia kadi yake ya benki na namba ya siri hayumo kwenye karatasi hiyo. Kadi isiachwe kwa mtu, kwa sababu yoyote ile.

Akiba nayo iwekwe wapi? Watu wa Njombe wana sababu ya kuwa makini. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe, iliyojulikana kama NJOCOBA. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilifidia mteja hadi shilingi milioni 1.5, na tangu 2023 kikomo ni milioni 7.5. Kwa kijana mwenye laki tatu, maana yake ni kwamba hela yake benki imelindwa yote, jambo ambalo godoro na kibubu haviwezi kumwahidi.

VICOBA vinatoa ulinzi wa namna nyingine. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Siku ya kikao sanduku la bati linawekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, hivyo halifunguki mpaka wote wafike. Hisa zinahesabiwa kwa sauti, zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, mfuko wa jamii unachangiwa pembeni, aliyechelewa analipa faini. Mwisho wa mzunguko kikundi kinavunja na kugawana. Vijana wa Lupembe wangefaidika sana kupanga mzunguko wao uvunjwe Juni, chai inapopungua, badala ya Desemba ambapo hela inaingia na sikukuu zinaimeza.

Kikundi kilichosajiliwa kupitia halmashauri kina mlango mwingine pia. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kiende na katiba yake, akaunti ya benki na andiko la mradi, na kwenye andiko hilo kieleze wazi miezi ambayo hela ya Lupembe huingia na ile ambayo haiingii, ili ratiba ya marejesho ipangwe kwa kufuata miezi hiyo.