Mikro ya gitare: ile ya nguvu sana haiko kila mara ile nzuri

Mpiga gitare wa Lubumbashi akienda kununua mikro, mara mingi anauliza kwanza: ya nguvu ni gani? Kwa rumba, sebene na nyimbo za kanisa, swali hilo linaweza kumulisha hasara.

Mikro ni kile kipande kiko chini ya kamba za gitare ya umeme. Ndani mko sumaku na waya nyembamba ya shaba, imezungushwa mara maelfu. Kamba ikitikisika, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya na kwenda kwa ampli. Sumaku ya aina ya zamani, alniko, inatengenezwa na chuma, aluminiumu, nikeli na kobalti. Shaba na kobalti: madini ya kwetu Katanga!

Mikro ya bobini moja inashika pia mvumo wa kurani, mara 50 kwa sekunde. Mwaka 1955, Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson kule Marekani, aliomba hati ya kulinda dawa yake: bobini mbili zenye kupingana. Mvumo wa moja unaua mvumo wa ingine, lakini sauti ya kamba inajumlishwa. Njo maana ya jina hambaka. Toka 1957 ziliwekwa kwa gitare za Gibson, na karatasi ndogo ya kusema hati imeombwa. Herufi zake ni PAF.

PAF za zamani hazikufanana, kwa sababu mizunguko ya waya na aina ya sumaku vilibadilika-badilika. Kwa hiyo zile zinatengenezwa leo kwa kuziiga ziko na sauti mbalimbali. Gibson '57 Classic, yenye alniko 2, inalia tamu na ya mviringo. Seymour Duncan '59, yenye alniko 5, iko na besi imara na sauti za juu wazi. Burstbucker iko na bobini zisizolingana: inauma kidogo zaidi. Lakini ile ya kwanza haikutiwa nta, na ukifungua ampli sana inaweza kupiga filimbi.

Hizi zote ziko karibu na kiloomu 7 hadi 9. Zile za nguvu zinaweza kupita 13: zinasukuma ampli mpaka inakwaruza. Kwa roki, ni vizuri. Lakini angalia mupigo wa Katanga. Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gitare kavu: kidole gumba kinashika besi, kidole cha pili kinaimba. Sebene pia inaomba kila noti isikike peke yake. Mikro kali inazibandika pamoja.

Basi ndugu, mbele ya kulipa, fanya majaribio haya. Omba gitare ilie bila pedali, ampli ikiwa safi. Piga kamba nene na kamba nyembamba pamoja: unasikia mbili, ao fujo moja? Teremsha volimu ya gitare nusu: sauti inabaki wazi, ao inakuwa ya blanketi?

Na kama uko na mikro kali nyumbani, usiitupe. Kamata turnevisi, fungua vis za pande mbili, uteremshe mikro milimita moja ao mbili mbali na kamba. Sauti inapungua nguvu, noti zinapata nafasi. Haigharimu hata franka moja.