Simu ya Taasisi Nayo Yahitaji Matunzo

Mgonjwa anapozidiwa usiku, ndugu zake hupiga simu: zahanati wakiomba msaada, parokiani wakimwomba padre alete Mpako wa Wagonjwa. Simu hiyo isipoita, hakuna maelezo ya kiufundi yatakayowafariji. Ndiyo maana twaona inafaa kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi peke yao.

Zamani taasisi iliyotaka kuunganisha simu za ofisi zake ilinunua swichibodi ya gharama kubwa. Mwaka 1999 Mmarekani Mark Spencer alianzisha Asterisk, programu inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi. Ni programu huria: yeyote aweza kuipata bila malipo, kuichunguza na kuirekebisha. Kwa shule, zahanati na parokia za huku kwetu, toka Ruanda hadi Tunduma, unafuu huo si mdogo.

Lakini kila toleo lina umri wake. Matoleo ya muda mrefu hutunzwa kikamilifu kwa miaka 4, kisha mwaka 1 zaidi kwa kuziba mianya ya usalama tu. Toleo la 18, la Oktoba 2020, lilifikia ukomo Oktoba 2025. Toleo la 22, la Oktoba 2024, limepangiwa kutunzwa hadi Oktoba 2029. Mianya ya toleo lililokoma haizibwi tena. Wahalifu wakiupata mmoja huweza kupiga simu za nje ya nchi usiku kucha, na deni likamwangukia mwenye laini.

Hata hivyo, haraka haraka haina baraka. Katika toleo la 21, la mwaka 2023, sehemu ya zamani ya kuunganishia simu, iitwayo chan_sip, iliondolewa. Kazi yake hufanywa na PJSIP. Taasisi inayotegemea ile ya zamani, ikihamia toleo la 22 bila kuandika upya mipangilio, itaamka na simu zilizo bubu.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, nakala ya mipangilio yote ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo. Pili, toleo jipya lijaribiwe kwenye kompyuta nyingine, kwa simu mbili au tatu. Tatu, siku ya kuhama itangazwe mapema, pamoja na namba ya mkononi ya dharura. Nne, mfumo wa zamani usifutwe mpaka ule mpya uthibitike. Tano, nywila dhaifu zibadilishwe, na simu za nje ya nchi zifungwe kwa wasiozihitaji. Nywila hizo zisibaki kichwani mwa fundi mmoja. Zihifadhiwe ofisini kwa siri, maana mafundi huhama.

Kamati za fedha huuliza: kama programu ni ya bure, fundi analipwa nini? Analipwa kwa uangalizi wake. Gharama hiyo iingizwe katika bajeti ya kila mwaka, kabla ya usiku ule ambao mtu atapiga simu asijibiwe.