Mwanachuo Asisubiri Kipimo Ndipo Ajisemee

Kijana wa Nkwenda au Kaisho anayefika chuoni Kayanga au Nyakahanga amepita katika lugha tatu: Kinyambo nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Akionekana kusoma noti polepole kuliko wenzake, jibu linakuwa tayari midomoni mwa watu: Kiingereza kinamsumbua. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo ambao shida yao haikuanza na Kiingereza wala haitaisha wakikijua. Hawa wana ulemavu wa kujifunza. Akili wanayo, macho na masikio ni mazima, bidii wanafanya, ila ubongo wao unapata taabu ya kudumu katika kusoma, kuandika au kufanya hesabu. Aina inayojulikana zaidi ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma. Naamini kijana wa namna hii anapaswa kufundishwa kujisemea, yaani kueleza anakwama wapi na kuomba kinachomsaidia, hata kama hajawahi kupimwa na mtaalamu yeyote. Kazi hiyo ni ya chuo, sawasawa na kufundisha somo lenyewe.

Ulemavu huu huchelewa kugundulika huku kwetu kwa sababu ya sifa njema ya Kiswahili: kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa. Mwaka 2001, Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa wanachuo wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao hayana mitego mingi, walisoma kwa usahihi kuliko wale wengine. Hata hivyo, picha za ubongo zilionyesha udhaifu uleule, upande uleule wa kushoto, katika makundi yote matatu. Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano. Mtoto wa Kyerwa mwenye disleksia anaweza kuunganisha silabi moja moja, akafaulu darasa la saba huku kila mtu akimwona ni mzito tu, kisha Kiingereza chenye tahajia isiyotabirika kikamwangusha. Hapo lugha inabeba lawama yote. Na hata Kiswahili chenyewe si mteremko. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania mwaka 2003, walionyesha kwamba kuandika lugha iliyonyooka namna hii bado ni kazi kwa anayejifunza. Kwa hiyo mkufunzi mwenye shaka ampe mwanafunzi ukurasa mmoja wa Kiswahili ausome kwa sauti. Anayesumbuliwa na Kiingereza peke yake atausoma bila shida. Anayekwama hata hapo, akiruka mistari na kurudia maneno, ana jambo linalohitaji kuangaliwa. Zoezi hilo halitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa au ulemavu. Linatosha kuanza kumsaidia.

Kwa nini basi kujisemea, wakati angeweza kusemewa? Marekani wana uzoefu wa kutufundisha. Huko sheria inaitaka shule ya sekondari imtafute mwanafunzi mwenye ulemavu na kumhudumia; akifika chuo, ni yeye anayetakiwa kujitokeza. Taarifa ya mwaka 2011 ya ufuatiliaji wa kitaifa wa vijana hao ilionyesha kwamba asilimia 87 walipata msaada sekondari, lakini waliopata msaada vyuoni ni asilimia 19 tu. Asilimia 63 ya waliofika vyuoni hawakujihesabu tena kuwa na ulemavu. Msaada ulikuwepo, waliokosekana ni waombaji. Kule California, Marshall Raskind na wenzake waliwafuatilia watu wenye ulemavu wa kujifunza kwa miaka 20, na mwaka 1999 wakaeleza kwamba mafanikio yao ya utu uzima yalitabiriwa zaidi na kujitambua, kuchukua hatua, kuvumilia na kutafuta watu wa kuwashika mkono kuliko alama za darasani. Mambo hayo yanafundishika. David Test na wenzake, mwaka 2005, waliyapanga katika nguzo nne: kujijua, kujua haki zako, kuweza kuwasiliana, na kuongoza wengine wenye hali kama yako.

Nguzo ya mawasiliano ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji mazoezi. Mwanafunzi asiyefunzwa husema, "Somo gumu," au hukaa kimya hadi matokeo yatoke na sapu juu yake. Aliyefunzwa anaweza kumfuata mkufunzi ofisini na kusema: "Shikamoo mwalimu. Ukieleza darasani naelewa, ila swali refu likiwa limeandikwa napoteza mstari. Naomba swali nisomewe mara moja, jibu nitaandika mwenyewe." Ametaja anachoweza, anapokwama na anachoomba, na ombi lake halimgharimu mtu shilingi. Maneno hayo hayaji yenyewe. Yanatakiwa yajaribiwe kwanza na mlezi wa wanafunzi au na mwenzake wa bwenini, mara kadhaa, mpaka woga upungue.

Wako watakaosema mila zetu hazimruhusu kijana kumdai mkubwa. Lakini kueleza shida kwa adabu hakujawahi kuwa utovu wa heshima Karagwe. Kijana akielemewa huwaendea wazee, na akiona haya hutanguliza mtu wa kumsindikiza. Pingamizi zito zaidi ni la udanganyifu: ukimwongezea mmoja muda, wote watajifanya wagonjwa. Ni kweli kwamba tafiti zimeonyesha hata wasio na ulemavu hujibu maswali mengi zaidi wakipewa dakika za ziada. Mimi naona hilo linatulazimisha tuulize mtihani unapima nini. Kama kasi si sehemu ya ujuzi unaopimwa, wape wote muda wa kutosha, na hoja ya kujifanya itakufa yenyewe. Kama kasi ni sehemu ya ujuzi, msaada utafutwe kwingine.

Uuguzi unaliweka suala hili wazi kuliko fani nyingine. Lita moja ya maji ya dripu inatakiwa kuingia kwa saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita: mililita 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata karibu matone 42 kwa dakika. Mwenye ugumu wa namba anaweza kuandika 24 akiamini ameandika 42, na mgonjwa akapata zaidi kidogo tu ya nusu ya maji anayohitaji. Je, huyo asiruhusiwe wodini? Kiwango cha umahiri kisishushwe kwa mtu yeyote. Ila tumwogope zaidi anayeficha. Anayejijua hukokotoa mara mbili, hutumia kikokotoo, humwomba mwenzake ahakiki kabla ya kufungua mrija, na tabia hiyo ingemfaa kila muuguzi.

Sheria iko upande wa wanafunzi hawa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautazama ulemavu kama kupotea au kupungua kwa fursa ya mtu kushiriki maisha ya kawaida sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Haidai ulemavu uonekane kwa macho. Baraza la Mitihani nalo limezoea kuongeza dakika kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Karagwe wanalo shirika la KCBRP, lenye uzoefu wa utengemao ndani ya jamii, na nchi inao walimu wa elimu maalumu waliopikwa katika vyuo vya Patandi na Lushoto. Ada za vijana wengi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa zimetoka kwenye kahawa iliyouzwa kupitia vyama vya msingi vya chama kikuu cha ushirika, KDCU, na mzazi hana msimu wa pili wa kulipia mwaka uliorudiwa bila sababu. Wakuu wa vyuo, wekeni saa moja katika wiki ya kwanza ya muhula kuwaeleza wanachuo wapya kwamba ulemavu wa kujifunza upo, wamwone nani na waombe vipi. Na wakija, wasikilizeni siku hiyohiyo.