Kidonda Kidogo, Kazi Kubwa

Zamani, mtu aliyeondolewa kifuko cha nyongo chenye mawe alitoka hospitalini na kovu refu chini ya mbavu za kulia. Siku hizi, palipo na vifaa na mabingwa wa kazi hiyo, hutoka na matundu matatu au manne tu, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 hadi 10 hivi. Mageuzi hayo yametokana kwa sehemu kubwa na kamera ndogo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1910, Daktari Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alitangaza habari za kuchungulia tumbo la binadamu kwa mrija. Lakini kwa miaka mingi aliyeona ni yule mmoja aliyeweka jicho mrijani. Wasaidizi wake walisimama kando kama vipofu. Hata Erich Mühe wa Ujerumani, aliyetoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, alitegemea jicho lake peke yake. Mwaka 1987 Philippe Mouret, katika mji wa Lyon, Ufaransa, aliifanya kazi hiyo kwa kutazama kioo cha televisheni. Tangu hapo wote waliomo chumbani waliweza kuona, na msaidizi akawa msaidizi kweli.

Mgonjwa hulazwa usingizi, kisha tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi. Mrija wenye taa na kamera hupitishwa karibu na kitovu, na picha iliyokuzwa huonekana kiooni. Lenzi ikiingia ukungu au damu, hutolewa ikafutwa, kwani pasipo kuona hapana kukata. Mirija ya nyongo hukaa karibu karibu, na kukata usio wake ni balaa. Kwa hiyo, picha isipodhihirisha mambo, mpasuaji hufungua tumbo kwa njia ya zamani. Huko si kushindwa, bali ni busara. Na yafaa mgonjwa na jamaa zake waelezwe jambo hilo mapema.

Akina mama na akina baba, hapo ndipo penye hatari nyumbani. Jamaa huona vidonda vidogo wakadhani kazi iliyofanyika ni ndogo. Sivyo. Kilichokatwa ndani ni kilekile. Maumivu ya bega kwa siku chache yasiwatishe. Mara nyingi huletwa na hewa ile iliyotiwa tumboni. Lakini homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, kutapika kusikokoma, au macho kugeuka manjano ni dalili mbaya: mgonjwa arudishwe hospitali bila kukawia.

Ndoo ya maji, mzigo wa kuni na jembe navyo vingoje mpaka daktari atoe ruhusa.