Saa nane usiku ni saa ngapi hasa?

Chukulia kwamba mzee mmoja wa Kiganjo ameibiwa ng'ombe. Kunapopambazuka anashika njia hadi kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Afisa kijana anafungua kitabu cha matukio na kumuuliza: "Mzee, hawa watu walikuja saa ngapi?" Mzee anajibu bila kusita: "Saa nane usiku, afande. Niliamshwa na mbwa, nikaangalia saa." Afisa huyu amefundishwa saa kwa Kiingereza tangu chekechea, na simu yake humwonyesha tarakimu tu. Anaandika: 8.00 p.m.

Hapo kosa limeshaingia kitabuni, na kitabu hakisahau. Miezi kadhaa baadaye mshukiwa anafikishwa mahakamani. Analeta watu wanne kuthibitisha kwamba saa mbili usiku wa siku hiyo alikuwa Nanyuki. Mzee anaposimama kutoa ushahidi na kutaja saa nane, wakili anamrukia: "Mbona uliwaambia polisi ni saa mbili?" Mzee anaonekana mwongo mbele ya hakimu. Kumbe hakuna aliyedanganya. Ni hesabu mbili za saa zilizogongana, na aliyeumia ni mwenye ng'ombe.

Kisa hiki ni cha kubuni. Nimekiweka Kiganjo makusudi kwa sababu mbili. Kwanza, Kiganjo ndiko kuliko chuo cha polisi ambako maelfu ya maafisa wetu wamefunzwa kazi, ikiwemo kazi ya kuandika taarifa. Pili, ni sehemu chache nchini zinazoonyesha vizuri zaidi kwa nini Mswahili huhesabu saa jinsi anavyohesabu. Ikweta inapita Nanyuki, kama kilomita 45 tu kaskazini mwa Kiganjo.

Hebu tuanze na jua. Karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki. Januari kwa Desemba, mchana wa Kiganjo ni saa kumi na mbili na dakika chache, na usiku unachukua zilizobaki. Kwa hiyo ukisema siku inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, na usiku uhesabiwe jua likizama, hesabu yako haitakusaliti mwezi wowote. Saa moja ni saa ya kwanza baada ya macheo, saa sita jua li utosini, saa kumi na mbili linazama. Kisha unaanza tena: saa moja usiku, saa mbili, hadi kukuche. Lugha yenyewe imebeba mpangilio huo: kucha ni kutokeza kwa mwanga, kuchwa, ambalo wengine husema kutwa, ni kuzama kwa jua. Ndiyo maana tunasema mtu amefanya kazi kutwa kucha.

Mtu wa London hawezi kuhesabu hivyo. Kule mchana wa Juni hupita saa 16 na nusu, na wa Desemba haufiki hata saa 8. Akisema aanze kuhesabu macheo, saa zake zitarefuka na kufupika kama mpira. Basi akachagua kuanza usiku wa manane, mahali ambapo hakuna mtu aliye macho kulitafuta jua. Hiyo ndiyo hesabu iliyokuja na reli, shule na ofisi za wakoloni.

Wala Waswahili hawako peke yao. Waganda huhesabu ssaawa zao vivyo hivyo, na Waethiopia nao. Wakikuyu walilipokea neno saa, wakalitamka thaa, na hesabu ikaja pamoja na neno. Kwa hivyo mzee wetu angetoa taarifa yake kwa Kikuyu, bado angetaja nane, na mtego ungekuwa pale pale.

Kabla ya saa ya mkono, watu walitumia kivuli. Simika kijiti wima uwanjani Kiganjo uone. Asubuhi kivuli kinalala magharibi, kirefu. Kinazidi kufupika hadi adhuhuri, kisha kinageukia mashariki na kuanza kurefuka. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba, kivuli cha adhuhuri kinakaribia kutoweka kabisa. Juni kinaangukia kusini, Desemba kaskazini, lakini hata katika miezi hiyo adhuhuri yake haifiki nusu ya urefu wa kijiti. Waislamu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, wana kanuni inayotokana na kivuli hichohicho: alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi: maneno haya yalikuwa vipimo vya jua kabla hayajawa vipande vya siku.

Hapa kuna funzo dogo kwa wapenda mapambo. Saa ya jua iliyotengenezwa London ina kijiti kilichoinama kwa digrii 51 na nusu, kwa sababu kijiti hicho lazima kilingane na latitudo ya mahali. Ukiileta Nyeri na kuiweka bustanini itakudanganya mchana kutwa. Saa ya jua ya Kiganjo inahitaji kijiti kilicholala karibu sambamba na ardhi, kikielekea kaskazini na kusini.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wanafunzi huniuliza: kama saa ya Kiswahili inafuata jua, mbona jua halichomozi saa kumi na mbili kamili? Mwulize yeyote anayeamka mapema Nyeri. Saa kumi na mbili bado ni giza, ukiachilia mbali ukungu na bega la mlima.

Jibu ni kwamba saa yetu ya ukutani haifuati jua la Kiganjo. Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa kila dakika nne. Saa za Afrika Mashariki zimetangulia Greenwich kwa saa tatu kamili, na saa tatu ni jua la longitudo ya digrii 45 mashariki. Mstari huo haugusi Kenya popote. Unapita karibu na Mogadishu. Kiganjo iko karibu digrii 37. Tofauti ni digrii nane, sawa na dakika 32. Kwa ufupi, Kiganjo inaishi kwa jua la Mogadishu, na jua lake lenyewe linafika nusu saa baadaye. Mombasa tofauti hiyo ni kama dakika 21, Busia ni kama 44.

Haikuwa hivyo daima. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 serikali ya kikoloni ilijaribu zaidi ya kipimo kimoja. Kuna miaka ambapo Kenya ilitangulia Greenwich kwa saa mbili na nusu, mingine kwa saa mbili na dakika 45, ndipo ikatulia kwenye saa tatu. Katika miaka ile ya saa mbili na nusu, saa ya ukutani ya Nyeri ilipishana na jua kwa wastani wa dakika mbili tu. Saa kumi na mbili ya Mswahili ilikuwa macheo kwelikweli.

Isitoshe, jua nalo lina ukaidi wake. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama. Kwa sababu hiyo mapema Novemba jua hutangulia kama dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa kama dakika 14. Ndiyo maana mapema Novemba jua la Kiganjo huchomoza saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili hivi, na katikati ya Februari kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi.

Baadhi ya mataifa huongeza ukaidi wao juu ya ule wa jua. Ujerumani na Uingereza zilianza mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kusogeza saa mbele kwa saa moja majira ya joto ili watu wautumie mwanga wa jioni badala ya kuwasha taa. Sisi tunaliona jambo hili kupitia soka. Mechi ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri kwao, huku kwetu tunaitazama saa kumi na moja jioni hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kuanzia hapo mechi hiyo hiyo inahamia saa kumi na mbili, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Hakuna aliyeisogeza mechi. Waliosogeza ni saa yao. Walio na jamaa Marekani nao wanajua kwamba tarehe za kubadilisha kule ni tofauti: Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba.

Kenya haina haja ya mchezo huo, maana hatuna mchana mrefu wa kuokoa. Lakini ukitazama vizuri utagundua kwamba ile nusu saa ya Mogadishu ni kitu hicho hicho: saa iliyosogezwa mbele ya jua, ila sisi hatuirudishi.

Je, nusu saa ina uzito gani? Rudi mahakamani. Sheria yetu ya makosa ya jinai, yaani Sura ya 63, inasema kwamba usiku ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuvunja nyumba mchana kunaweza kumpa mtu kifungo cha miaka 7. Kosa hilo hilo likitendwa usiku linapewa jina jingine, na adhabu inafika miaka 10. Sasa shahidi akisema "mwizi aliingia jua likitoka", ni usiku au ni mchana? Mapema Novemba, Kiganjo, jua likitoka bado ni usiku wa kisheria. Katikati ya Februari, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, jua halijaonekana lakini kisheria kumekucha. Miaka mitatu ya maisha ya mtu inaweza kuning'inia kwenye dakika hizo, na kwenye jinsi mkalimani alivyozifasiri.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba saa za Kiswahili ni mzigo, ati bora tuseme "saa nane asubuhi" kwa maana ya "8 a.m." tuyamalize. Hatutayamaliza. Tutakuwa na wazee wanaosema nane wakimaanisha nane, na vijana wanaosema nane wakimaanisha mbili, wote kwa Kiswahili. Tangazo la mkutano "saa 8:00 asubuhi", ambalo huliona kila mara kwenye kuta na mitandaoni, si Kiswahili wala si Kiingereza.

Tatizo hasa liko usiku. Mchana lugha hutulinda: saa mbili huja na asubuhi, saa nane huja na mchana, na anayekosea hushtukiwa haraka. Lakini saa mbili na saa nane za giza zote huitwa usiku. Neno moja linafunika tangu saa moja hadi karibu na alfajiri, na tofauti ya saa sita inajificha humo ndani bila mtu kuiona. Kinga tunayo: usiku wa manane. Mzee akisema "saa nane, usiku wa manane", hata afisa aliyezoea tarakimu atasita kabla ya kuandika 8.00 p.m.

Mtego wa pili ni jina la siku. Kwa hesabu ya pwani, siku huanza magharibi, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa mtu wa Nyeri, usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe jioni. Hapa tena lugha ina dawa, nayo magazeti yameizoea: usiku wa kuamkia Ijumaa. Tamko hilo halina mapengo.

Katiba yetu, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo haitimii ikiwa mkalimani anabadilisha maneno na kuacha saa kama ilivyo. Anayeandika taarifa, awe Kiganjo, Lamu au Kitale, afanye jambo moja dogo: amrudishie shahidi saa kwa hesabu zote mbili, amuulize na kilichokuwa kikitendeka. "Mzee, saa nane, yaani jogoo walikuwa hawajawika? Saa mbili ya Kizungu?" Swali hilo linachukua nusu dakika. Mzee atajibu ndiyo, na ng'ombe wake watakuwa na nafasi ya kurudi nyumbani.