Kazi ya Kumjua Mtu Mmoja

Mimi ni mlezi katika nyumba ya vijana wenye ulemavu hapa Unguja. Wengi wao wana mtindio wa ubongo, wengine kifafa, wengine usonji, na wapo waliojaaliwa mawili au yote matatu kwa pamoja. Baadhi waliletwa na maafisa wa ustawi wa jamii baada ya wazee wao kufariki. Wengine wazazi wao wahai, ila nguvu zimewaishia.

Watu wakijua ninachofanya huniombea: "Mwenyezi Mungu akulipe, dada." Naitikia amina kwa moyo wangu wote. Halafu huwaeleza kwamba kazi hii husomewa, na kwamba kila nyumba kama yetu inahitaji watu walioisomea. Huruma ndiyo iliyonileta mlangoni. Lakini huruma peke yake haijui kumlisha mtu ambaye koo lake halimtii.

Kijiko nusu

Kijana mwenye mtindio wa ubongo akilishwa huku amelala chali, uji unaweza kupita njia ya hewa ukaingia mapafuni, na homa ya mapafu ikafuata. Kwa hiyo anakaa wima, mgongo umeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo. Chakula kinakuwa laini na chenye uzito wa namna moja. Boflo lililochovywa kwenye chai lina maji na vipande ndani yake, nalo humpalia upesi kuliko uji mzito. Kijiko kinajazwa nusu. Mlezi anakaa mbele yake, macho yao yakiwa sawa, na anangoja mpaka aone amemeza ndipo apeleke kijiko cha pili. Akishiba, anabaki amekaa kama nusu saa. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika 40, na dakika hizo hazipunguziki kwa sababu wenzake nao wana njaa. Dawa yake ni kuongeza walezi.

Kifafa nacho kina adabu zake. Kijana akianguka, mmoja wetu anatazama saa, mwengine anamlaza ubavu na kumwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Hatumtii kijiko wala kidole kinywani, hatumshiki kwa nguvu. Ikipita dakika 5 hajatulia, tunampeleka hospitali. Dawa zake za kila siku hazikatizwi kwa kuwa ameonekana mzima. Mwezi wa Ramadhani, nyumba nzima inapohamia saa za futari na daku, dozi zake zinabaki saa zile zile, naye hafungi, maana mgonjwa ana ruhusa.

Kwa nini wanafika kwetu

Tunaye kijana aliyekulia kwenye nyumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe. Ngazi za nyumba zile ni za mbao, nyembamba, zimesimama kama ukuta. Mama yake alimbeba mgongoni akiwa mdogo, akamshusha skuli na kumpandisha. Mtoto akakua, mama akazeeka. Ikafika siku hakuweza tena kumbeba, na kijana akawa anaiona mitaa kupitia dirishani. Mama huyo hakukosa mapenzi hata siku moja. Alichokosa ni mikono ya pili na nyumba ya chini.

Kulea watoto wasio wetu si jambo jipya visiwani. Wenyeji wa mjini wanalijua lile jengo la Forodhani ambalo barabara hupita chini yake: lilikuwa nyumba ya serikali ya watoto yatima. Siku hizi nyumba ya serikali iko Mazizini. Mtaa wa Mombasa, hapa hapa Unguja, kuna kijiji cha SOS, kinachofuata mfumo ulioanzishwa na Hermann Gmeiner mjini Imst, Austria, mwaka 1949: mama mmoja, nyumba moja, na watoto wanaoishi kama ndugu. Mfumo ule ulibuniwa kwa ajili ya watoto waliopoteza wazazi. Kijana wa miaka 17 asiyesema, anayevalishwa nepi, mwenye kimo na nguvu za mtu mzima, anahitaji hayo yote na ujuzi mwengine juu yake.

Daftari la zamu

Ujuzi huo unakaa kwenye daftari. Kila zamu inapokabidhi kwa nyingine, tunaandika: amelala saa ngapi, amekula nini, ameanguka mara ngapi, amekwenda choo au la, nini kimemchekesha, nini kimemuudhi. Mgeni akilifungua ataona mambo madogo yasiyo na maana. Sisi tunasoma humo lugha ya watu wasiosema.

Kuna kijana aliyekuwa akijipiga kichwa na kumng'ata yeyote aliye karibu. Wiki nyingine alikuwa mtulivu, wiki nyingine hakamatiki. Kulikuwa na waliosema ana shetani, na waliosema ni mkaidi. Walezi wa mchana waliandika siku alizojipiga. Walezi wa usiku waliandika habari za choo. Siku tulipokaa wote tukazipanga kurasa pamoja, jambo likajitokeza lenyewe: vurugu zilikuja kila alipopitisha siku tatu au nne bila kupata choo. Kijana alikuwa na maumivu ya tumbo, na kujipiga ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kutuambia. Daktari akampima na kutuelekeza. Tukamwongezea maji, papai na mboga, tukamzoesha kukaa chooni kila baada ya chai ya asubuhi. Siku ngumu bado zipo, ila zimekuwa chache, na tunazijua zinakotoka.

Tangu hapo kila mlezi mpya nampa maswali matatu. Kabla ya tendo kulikuwa na nini? Tendo lenyewe lilikuwaje? Baada yake alipata nini? Halafu atazame jino, sikio na tumbo kabla hajatafuta sababu ya mbali.

Heshima ya mwili

Vijana wetu wanabaleghe kama vijana wote. Msichana anahitaji kufundishwa hedhi yake kwa utulivu, mwezi baada ya mwezi, kwa pedi anayoiona na kuishika, mpaka ajue kuibadilisha mwenyewe au kuonesha kwamba wakati umefika. Wasichana huogeshwa na wanawake, wavulana na wanaume, mlango umefungwa. Kabla ya kumvua mtu nguo tunamwambia, hata kama hawezi kujibu.

Nasisitiza haya kwa kuwa asiyeweza kusema ni rahisi kudhulumiwa. Mtoto aliyezoea kushikwashikwa bila kuulizwa hatajua siku anayoguswa vibaya. Nyumba nzuri ina utaratibu unaojulikana na kila mtu wa nani anaripoti na wapi. Hapa Zanzibar vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, kikiwemo cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako aliyedhulumiwa anapata daktari, polisi na ushauri mahali pamoja.

Baada ya miaka 18

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ni sheria iliyosifiwa nje ya mipaka yetu, na mwaka 2015 ilipata tuzo ya World Future Council. Lakini mwili wa kijana wetu hausomi tarehe. Siku ya kutimiza 18 anaamka na mahitaji yale yale ya jana. Kwa hiyo maandalizi ya kuondoka kwetu, atakapotoka kwenye hesabu ya watoto, yanaanza siku ya kuingia, na yanaanza kwa kutafuta jamaa zake.

Kijana mmoja wetu amerudi kwa shangazi yake upande wa pwani ya mashariki. Shangazi analima mwani. Kijana hasemi, lakini mikono yake hupenda jambo moja linalorudiwa, na kufunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vidogo, ni jambo hilo hasa. Kabla hajaondoka, shangazi alikuja kukaa nasi, akalisha, akaogesha, akauliza. Kwa kuwa kusoma kunamtatiza, tulimchorea ukurasa wa picha: kidonge na jua linachomoza, kidonge na jua linazama, kijana amelazwa ubavu, simu ya daktari. Mwanzoni alituambia, "Wanangu, nyinyi mmesoma, mimi nitamuweza?" Sasa yeye ndiye anayetufundisha. Ametuambia kwamba kijana akianza kuvuta sikio, basi kelele za watu zimemzidi, na akipelekwa kivulini peke yake hutulia. Jambo hilo sisi hatukuwahi kuliona. Tumeliandika.

Kwa anayetaka kuingia

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha kazi za ustawi wa jamii. Bara ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa mwaka 1973 jijini Dar es Salaam, na Patandi, Arusha, panasomeshwa walimu wa elimu maalumu. Lakini hata mwenye cheti cha kidato cha nne anaweza kuwa mlezi bora akipata mafunzo kazini: kulisha, kuinua mtu bila kuumiza mgongo, kumgeuza asipate vidonda, huduma ya kwanza, kuandika.

Mshahara si mkubwa, na zamu za usiku ni ndefu. Wanaoondoka, wengi huondoka kwa uchovu wa kuwa peke yao na vijana wengi, na kila anayeondoka anachukua miaka ya kumjua mtu fulani. Hasara hiyo kijana huilipa kwa mwili wake. Wanaoendesha nyumba hizi, serikali na wafadhili pia, wawape walezi mikataba, mafunzo na wenzao wa zamu, kabla ya kujenga jengo jipya.

Na wewe msomaji, ukienda kutembelea nyumba ya malezi siku ya sikukuu na zawadi zako, keti na mlezi mmoja umuulize juu ya kijana mmoja: anapenda nini, akikataa jambo anaonesha vipi, na nani wa kwao aliyekuja kumuona karibuni. Majibu yake yatakuonesha kama pale kijana anajulikana, au anahifadhiwa tu.